Tarakimu Ishirini

Mbukwa, ananisalimu kila Jumanne,
nami naitikia kwa nusu ya mdomo inayonitii.
Anafuta mkono wangu kwa pamba yenye spiriti,
anabandika vibandiko viwili chini ya kiwiko,
vya kijivu, baridi kama pua ya mbwa.
"Sema ukihisi," anasema Keziya,
na kuanza kuzungusha kitufe.

Mimi huyu. Miaka thelathini na mmoja
nimepanda nguzo kutoka Kizota hadi Mpunguzi,
kiunoni mkanda wa ngozi, mkononi koleo lenye mpini wa mpira,
na sheria moja tu kuhusu umeme: usiuamini.
Nilimwona Masinga akining'inia kwenye waya
kama shati lililosahauliwa,
pale Veyula, upepo wa Julai ukimgeuza huku na huku.
Tangu siku ile sikugusa hata swichi ya chumbani kwangu
bila kwanza kujifuta jasho la viganja.

Sasa nalipia shoti. Bima inachangia.

Kwanza ni sisimizi.
Kisha sisimizi wenye haraka.
Kisha kitu kinavuta kamba ndani ya nyama,
na vidole vyangu, vilivyojikunja tangu Machi,
vilivyofumba kiganja hadi kikanuka,
vinafunguka.
Kimoja, kimoja, mbele ya macho yangu,
na si mimi niliyevifungua.
Nililia? Jicho la kulia hutoa maji lenyewe siku hizi.

"Usiiachie mashine kazi," anasema.
"Ikiinua, inua nayo.
Umeme haujui kazi ya mkono, unajua kuushtua tu."

Wiki ya tano nikamwuliza kwao ni wapi.
Chang'ombe, akasema, nyuma ya mashine ya kusaga,
nyumba yenye mlango wa bati la bluu.
Nikanyamaza. Kifaa kikahesabu sekunde zake kumi,
kikavuta, kikaacha.
Naujua mlango ule.
Deni la miezi minne. Mama mwenye kanga ya kijani
ameishika ngazi yangu kwa mikono miwili,
ananiomba hadi kesho jioni,
asubuhi mtoto ana mtihani wa darasa la saba.
Nilikuwa na nyumba kumi na tisa kwenye orodha
na jua lilikuwa linazama.
Nilikata.

Nikamwambia. Maneno yangu hutoka na mate,
akasubiri hadi mwisho, akanifuta kidevu.
"Nakumbuka soli za viatu," akasema.
"Uso sikuuona. Soli moja ilikuwa na tundu."
Kisha akazungusha kitufe, nukta mbili juu.
Nikakaza meno.
"Imeuma?"
"Hapana."
"Ikiuma, sema. Sipimi uvumilivu hapa."
Na kweli haikuuma. Nilikuwa nimejiandaa kuumia.
Usiku ule alisoma kwa taa gani, sikuuliza.

Jana umeme ulituishia katikati ya taarifa ya habari.
Mjukuu akaja na simu, ujumbe una tarakimu ishirini,
akanyoosha mkono azibonyeze. Nikamwambia, pisha.
Nikasimama mbele ya mita,
na kidole cha shahada cha mkono wa kulia,
bila kibandiko, bila waya.
Nikavuta. Hakuna aliyevuta nami.
Kikanyooka, kikatetemeka kama antena
kwenye upepo wetu huu wa vumbi.
Nne.
Sifuri.
Saba. Hapana, nane. Nikafuta, nikaanza upya.
Mjukuu kaninyooshea mwanga wa simu, amechoka,
anabadilisha mkono.
Mama Chilewa anauliza kutoka jikoni
tutakaa gizani hadi lini.

Subirini, nasema.
Niko kwenye ya kumi na moja.